PAPA POTWE WA MAFIA NA TOPE LA RUFIJI: NANI ANAMLISHA NANI?



Kuna jambo linashangaza sana kuhusu sisi watu wa Ikwiriri, Kibiti na vijiji vya delta. Mtu anatoka Italia au Marekani, anakesha kwenye ndege, anatua Dar, anapanda kindege kingine kidogo mpaka Mafia, anavaa mtungi mgongoni na kujitosa baharini kuangalia samaki. Akirudi kwao anasimulia mwaka mzima. Sisi ambao tupo ng'ambo tu ya hapo, ukituuliza kuna nini chini ya yale maji, jibu ni moja: "Si samaki tu?"

Ni samaki, ndiyo. Ila mmoja wao ni mkubwa kuliko Hiace ya abiria, na chakula chake kina mkono wa mto huu huu unaopita hapa mlangoni kwetu. Kwa hiyo hebu leo tuliongelee hili suala la kuzamia, maana linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Neno lenyewe kwanza lina utata. Ukitaja "mzamiaji" kwenye kijiwe chochote cha Dar, watu wanamfikiria mshkaji aliyejificha kwenye meli ya mizigo akitafuta Ugiriki au Sauzi. Au yule anayeingia harusini bila kadi halafu ndiye wa kwanza kwenye foleni ya pilau. Mzamiaji wa leo ni yule wa kweli kabisa, anayepiga mbizi kwa mtungi, na huyu kadi anayo. Asipokuwa nayo hapewi mtungi.

Tuanze na tope.

Mvua inayonyesha Usangu kule Mbeya, ile ya Iringa na Njombe, ya bonde la Kilombero, mpaka inayoshuka na mto Luwegu kutoka kusini, yote mwisho wake inapita chini ya Daraja la Mkapa. Bonde la Rufiji ni karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Wengi tunalijua daraja lile kwa urefu wake (mita 970, lilifunguliwa 2003, wakubwa wanakumbuka adha ya pantoni pale Ndundu) lakini ni wachache wanaosimama kujiuliza yale maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakwenda wapi na yamebeba nini.

Yanakwenda delta. Pale mto unagawanyika vijimto kibao, unaingia kwenye msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, ambao ni mkubwa kuliko msitu mwingine wowote wa mikoko ulioungana hapa Afrika Mashariki. Mikoko inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inakamata tope zito lisiende mbali, na inaachia maji yaliyojaa rutuba yaendelee na safari. Mizizi yake ndiyo chekechea ya kamba na samaki wadogo kibao. Wanakua humo wakiwa wamejificha, wakipata nguvu wanatoka kwenda bahari kubwa.

Ukitoka nje ya delta unakutana na mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita kama 20 hivi, halafu kisiwa cha Mafia. Na hapa ndipo pana siri ambayo wageni wanalipia bila hata kuijua. Mafia ina bahari mbili. Upande wa magharibi, ule unaotazama kwetu, maji ni ya kijani, mazito, hayaoni mbali, yamejaa vijimea na viumbe vidogo sana ambavyo wataalamu wanaviita planktoni. Upande wa mashariki na kusini bahari kuu inaingia moja kwa moja, maji ni maangavu, na ndiko yaliko matumbawe. Kisiwa kimekaa katikati kama ukuta. Tope la mto halifiki upande wa pili kwa wingi wa kuyaua matumbawe (matumbawe yanahitaji mwanga, ukiyafunika na tope yanakufa), na upande huu rutuba inabaki ya kutosha kulisha jeshi.

Jeshi lenyewe ni la papa potwe.

Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Nasema samaki, maana nyangumi sio samaki, ni mnyama anayenyonyesha. Potwe aliyekomaa kabisa anaweza kufikia mita 18. Wanaoonekana Mafia wengi wana kati ya mita 3 na 9, na Hiace ina mita 5 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mgongo wake ni wa kijivu wenye madoadoa meupe yaliyopangika kama kitenge. Ana meno, tena maelfu, ila ni madogo kama punje za mchele na hayatumii kula. Anachofanya ni kufungua domo, anaingiza maji, anayachuja kwa vichujio vilivyo kwenye mashavu, maji yanatoka, chakula kinabaki. Koo lake ni jembamba, kwa hiyo ile hofu ya kumezwa mzima mzima isahau. Cha kuogopa kwake ni mkia tu. Ukikaa nyuma yake akaupiga kwa bahati mbaya, utajuta.

Sasa mnyama mkubwa hivyo anakula nini? Utafiti uliochapishwa 2015 ulifuata potwe wa Mafia wakati wanakula, na ukakuta wanafuata mahali ambapo uduvi umekusanyika kwa wingi. Uduvi, wadau! Kitu ambacho bibi anakianika juu ya jamvi. Potwe anaogelea mdomo wazi juu ya maji, mara nyingine anasimama wima kama nguzo na kufyonza tu. Na uduvi unakuwa mwingi pale ambapo kuna planktoni, na planktoni inataka rutuba, na maelezo ya wanaoifahamu bahari ile ni kwamba sehemu kubwa ya rutuba hiyo inashushwa na Rufiji. Ndiyo maana potwe hawakai upande ule mzuri wa matumbawe wenye mahoteli. Wanakaa Kilindoni, upande wenye maji machafu (machafu kwa macho ya mtalii), mita chache kutoka bandarini, katikati ya boti za wavuvi wa dagaa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: potwe hawahami. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba wanakuja Oktoba kaskazi ikikaribia, na wanaondoka Machi kusi ikinusa. Watafiti wakawafunga vifaa vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya bahari, na majibu yaliyochapishwa mwaka huo huo wa 2015 yakaonyesha kwamba wengi wao wapo mwaka mzima. Miezi ya kusi wanasogea mbali kidogo na ufukwe na kushuka chini zaidi, hivyo watu juu hawawaoni. Walikuwa majirani wa kudumu, sisi tukawaita wageni.

Tena wengi wao ni madume, tena vijana, bado hawajafikia umri wa kuoa. Yaani ni kijiwe cha mabraza wanaozurura karibu na chakula. Majike wakubwa na watoto wachanga wako wapi? Kwa dunia nzima hilo ni fumbo ambalo bado halijafumbuliwa vizuri.

Kuwatambua mmoja mmoja kunafanyika kwa picha. Madoa ya ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana. Hapa wapenzi wa kompyuta msikie vizuri: programu inayolinganisha madoa hayo imetokana na hesabu zilizotengenezwa kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota angani. Mwaka 2005 wataalamu waliichukua wakaigeuza, kwamba madoa meupe kwenye ngozi nyeusi ni sawa na nyota usiku. Mtalii akipiga picha, akaituma kwenye intaneti, mashine inasema huyu ni fulani, mara ya mwisho alionekana mahali fulani. Kwa njia hiyo potwe zaidi ya 100 wa Mafia wana faili zao. Binadamu wangapi wa delta hawana hata cheti cha kuzaliwa? Haya, tuendelee.

Kumwona potwe hakuhitaji mtungi. Unavaa miwani ya maji, bomba la kupumulia na mapezi ya miguuni, unashuka kutoka kwenye boti taratibu na kuelea juu. Masharti yanayotumika sehemu nyingi duniani ni kukaa mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, kutomshika, kutompiga picha kwa taa, na watu wasizidi 10 kwa potwe mmoja. Nahodha asimkatishe njia, na pangaboya lisimsogelee hovyo, maana potwe wengi wana makovu ya injini za boti. Mimi naongeza la kwangu: nahodha anayekupeleka mbio mbio mpaka juu ya samaki ili upate picha nzuri, usimpe bakshishi.

Mtungi unahusika upande wa pili, Chole na kwenye matumbawe. Na hapa kuna mambo ya kueleweka kabla ya mtu kujitia kiherehere.

Ule mtungi sio wa oksijeni. Kila mtu anasema "mtungi wa oksijeni" na kila mtu amekosea. Ndani yake kuna hewa ya kawaida, hii hii unayovuta hapo ulipo, imeshindiliwa tu. Oksijeni tupu ukiivuta chini sana inageuka sumu. Chombo kinachofanya kazi kubwa ni kile cha mdomoni, kinachokupa hewa kwa kiwango kinachohitajika kulingana na kina ulichopo. Hicho ndicho Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walichokitengeneza mwaka 1943, na ndicho kilichoufanya uzamiaji kuwa mchezo wa watu wa kawaida badala ya kazi ya jeshi. Vingine ni jaketi la kuelea, saa ya kupima kina na mkanda wenye vipande vya risasi kiunoni (risasi ya madini, sio ya bunduki) ili mwili usiibuke kama kifuu.

Kwa nini kina ni noma? Chukua chupa tupu ya maji, ifunge kizibo, mpe mtu azame nayo. Kadiri anavyoshuka inabonyea. Kila mita 10 uzito wa maji unaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 10 umebebeshwa mara mbili, mita 20 mara tatu. Masikio yanauma ndani ya mita chache za kwanza, ndiyo maana mzamiaji anaziba pua na kupuliza taratibu kila anaposhuka.

Hatari yenyewe iko wakati wa kupanda. Ukiwa chini umevuta hewa iliyoshindiliwa. Ukiibana kifuani ukapanda, inatanuka na inaweza kupasua mapafu. Ndiyo sheria ya kwanza kabisa: usibane pumzi, kamwe. Ya pili inahusu naitrojeni. Sehemu kubwa ya hewa ni gesi hiyo, na ukikaa chini muda mrefu inayeyuka na kuingia kwenye damu na nyama. Fikiria soda. Ikiwa imefungwa huoni povu, ukifungua ghafla inafoka. Mwili nao ni hivyo hivyo. Ukipanda haraka, mapovu yanatokea kwenye maungio na hata kwenye uti wa mgongo, na kuna watu wamepooza maisha kwa sababu hiyo. Kwa hiyo wazamiaji wanapanda polepole na wanasimama mita 5 kwa dakika 3 hivi kabla ya kutoka nje. Cheti cha mwanzo kinakuruhusu mita 18, cha pili 30, na kwa uzamiaji wa starehe mwisho ni 40.

Hili naliandika kwa makusudi, maana kwenye pwani hii wapo vijana wanaotumwa kuzama kutafuta jongoo bahari kwa mipira ya kompresa au mitungi, bila saa, bila mafunzo, wakishuka na kupanda mara nyingi kwa siku. Sheria za uvuvi zinakataza kuvua kwa mitungi. Lakini tuache sheria. Anayekutuma haendi chini na wewe. Akikuambia maumivu ya magoti baada ya kuzama ni baridi ya bahari, anakudanganya, na chumba cha mgandamizo kinachotibu ugonjwa ule hakipo hospitali ya wilaya.

Na kuna kanuni moja inayowagusa matajiri peke yao. Baada ya kuzama, usipande ndege mpaka zipite saa 18 hivi, maana juu angani mgandamizo unapungua na mapovu yanaweza kuanza. Mtalii anayetaka kuzama asubuhi na kuruka jioni kwenda kuangalia tembo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere anakwama hapo. Wewe unayerudi kwa boti mpaka Nyamisati huna tatizo hilo. Faida ya kuwa mlalahoi!

Chini kuna nini sasa? Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 1994, ina kilomita za mraba 822, na inatajwa kuwa na zaidi ya aina 400 za samaki. Ghuba ya Chole ndio uwanja wenyewe. Wazamiaji wanapanga safari kwa kufuata maji: yanapojaa, bahari kuu inaingiza maji safi kupitia mlango wa Kinasi, na yanapokupwa yanatoka na uchafu wote wa ghuba. Wakati wa bamvua mkondo unakuwa mkali, unakubeba kama umepanda bodaboda. Mvuvi yeyote wa kwetu anayajua haya bila darasa.

Ukizama pale unakutana na chewa wakubwa wamejiegesha chini ya miamba kama mabosi, mkunga kachungulia kwenye tundu lake mdomo wazi (hatishi, anapumua tu hivyo), taa amejifukia mchangani yamebaki macho, kolekole wanapita kwa kundi, pweza anabadilisha rangi ukimtazama. Kasa wa kawaida anatafuna nyasi bahari, ng'amba yeye anakula sponji kwenye matumbawe. Kasa wanataga kwenye fukwe za kisiwa cha Juani, na watu wanakwenda kuangalia vitoto vikitoka mchangani kukimbilia maji.

Sio kila kitu kiko salama. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kali la El Niño, matumbawe mengi ya huko, hasa mwamba wa Tutia kusini, yalipauka na kufa. Mabomu ya wavuvi nayo yalishachimba makaburi yake. Sehemu nyingine zimeota upya, nyingine bado.

Kuna nguva pia. Huyu hamtamwona, nawaambia mapema. Nguva ndiye aliyezaa hadithi za mtu-samaki, lakini ni mnyama mpole anayechunga nyasi bahari kama ng'ombe, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa linatajwa kuwa kimbilio la mwisho la nguva wachache waliobaki Tanzania. Mara nyingi taarifa zake zinapatikana akiwa ameshanasa kwenye nyavu za jarife. Anapanda juu kupumua kama sisi. Akinaswa chini anakufa maji.

Najua kuna atakayeuliza, sasa kwa nini tusizamie hapa hapa delta? Kuna meli bwana! Ni kweli, kuna meli. Manowari ya Wajerumani Königsberg ilitoka mafichoni delta ikaenda kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikarudi kujificha kwenye mikoko yetu. Waingereza waliitafuta kwa miezi, mwishowe wakaiteka Mafia na kurusha ndege kutoka huko ili kuwaelekeza wapiga mizinga. Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake Wajerumani wakaichomoa na kwenda nayo vitani bara. Mwaka 1924 wazamiaji walishushwa kukwangua madini ya thamani, baadaye wauza vyuma chakavu wakaimega, na kwenye miaka ya 1960 mabaki yakamezwa na tope. Kwa hiyo ukizama pale utaona kiganja chako ukikibandika kwenye miwani, basi. Na mamba wapo. Mtungi hausaidii kitu kwa mamba.

Turudi kwenye swali la kichwa cha habari. Tarehe 29 Oktoba 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa eneo moja. Kwenye makaratasi ilishakubalika kwamba delta na kisiwa ni kitu kimoja. Kiutendaji ni mambo mawili tofauti. Matumbawe ya Chole yana askari, tiketi na maboya. Potwe wa Kilindoni wapo nje ya mpaka wa hifadhi ile ile ya bahari inayowatangaza. Na mto unaoanzisha yote una wenyewe wengine kabisa.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme 2024, na 2025 mitambo yote 9 ikawa imekamilika, jumla megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, sitaki kuandika kama mtu asiyekatikiwa. Lakini bwawa lolote duniani linafanya kitu kimoja bila kuambiwa: maji yanatulia na tope linazama ndani yake. Shirika la WWF lilitoa ripoti 2017, kabla ujenzi haujaanza, likionya kuhusu tope litakalopungua kufika delta. Tope likipungua, mikoko inakosa ardhi ya kuotea na bahari inaila pwani. Rutuba ikipungua baharini, uduvi na dagaa nao watapunguaje, na potwe watakaa au watahama? Sio swali la watalii peke yao. Kamba wa Mbwera na dagaa wa Kilindoni wapo kwenye mnyororo huo huo.

Wapo watakaosema mafuriko ya Aprili 2024 yaliyotesa Rufiji na Kibiti yameonyesha maji bado ni mengi. Ni mengi, ndiyo, ila wingi wa maji na wingi wa tope ni vitu viwili, na hata muda wa kufika kwake una maana. Mkulima wa mpunga wa bondeni anajua tofauti ya maji yanayoacha udongo mweusi na yale yanayosomba tu.

Kwa upande wetu nasi tuna shoka. Mikoko inakatwa kwa ajili ya boriti na mashamba ya mpunga, na ugomvi kati ya wanavijiji wa delta na watu wa misitu ni wa siku nyingi. Siwezi kumlaumu mtu anayelima ale. Ila ni vigumu kumwambia aache kukata kwa ajili ya samaki ambaye hajawahi kumwona, anayeingiza pesa kwa watu wasiomjua. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: dola ya potwe inaishia Mafia na Dar, tope linatoka huku, na hakuna njia yoyote inayorudisha hata kidogo delta. Wakati potwe mwenyewe tangu 2016 yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Kuhusu ajira, kwa vijana wanaoniuliza. Ngazi ya uzamiaji inaanza na cheti cha mwanzo, halafu cha juu, cha uokoaji, kisha kiongozi wa wazamiaji, na mwalimu. Gharama zake zinahesabiwa kwa dola, huo ndio ukuta. Lakini soma masharti ya cheti cha mwanzo cha PADI: umri kuanzia miaka 10, uogelee mita 200 bila kusimama, uelee dakika 10, na uwe na afya (pumu na moyo lazima useme ukweli). Kijana wa Nyamisati hayo ya maji anayafanya akienda kuoga. Kinachomkosesha ni Kiingereza na mtu wa kumlipia, kwa hiyo anayetaka aingie kwanza kama baharia au msaidizi kwenye kituo cha kuzamia, ajifunze lugha kwa wageni, na aombe kufundishwa akiwa kazini. Dada zetu wengi hata kuogelea hawakufundishwa, na wamekulia pwani. Hilo linarekebishika bila dola hata moja.

Anayetaka kwenda kuangalia tu, njia ni hii. Kutoka Ikwiriri unapanda gari la kwenda Dar, unapita Kibiti, unashuka Bungu na kuingia barabara ya Nyamisati. Hapo kuna vyombo vya kwenda Kilindoni; vinaondoka kwa kufuata maji kujaa, kwa hiyo ulizia kabla hujafunga safari na ubebe chakula. Nenda kati ya Oktoba na Machi. Bei ya Mtanzania na ya mgeni hazifanani, uliza, usilipe ya mgeni kwa kuona aibu. Potwe wanatafutwa asubuhi bahari ikiwa shwari, na nahodha mzuri wa kukutafutia ni yule anayewauliza kwanza wavuvi wa dagaa wanaorudi kutoka usiku. Wao wameshawaona, na mara nyingine wametoka kumtoa mmoja kwenye nyavu zao kwa mikono. Ukibahatika kupiga picha, piga ubavu wa kushoto.